Blanketi la Pili

Siku ambayo watoto wa Mvungwe walijifunza kuogopa ilikuwa Jumanne, karibu na saa sita mchana, na yote yalianza kwa mapenzi.

Nankondo alikuwa akipanda kilima kurudi shuleni kutoka ofisi ya kata, bahasha ya fomu za mtihani ameishika juu ya kichwa kama mwavuli. Miaka minne ya madarasa ya jioni ilikuwa ndani ya bahasha ile. Miaka minne ya kumbembeleza mtoto kwa mkono mmoja na kushika kalamu kwa mwingine. Bado miezi miwili tu awe mwalimu kamili. Kwa sasa alikuwa mwangalizi wa darasa: anafuta kamasi, anafunga kamba za viatu, anaokota penseli. Kufundisha ilikuwa kazi ya Mlezi.

Alipofika kona ya mwisho aliona kitalu nyumba cha shule kinameta kupita kawaida. Akasimama.

Kilikuwa kimevikwa nailoni nyingine juu ya ile ya zamani, nyeupe, inayopitisha mwanga, imevutwa na kufungwa kamba kama zawadi ya harusi. Madirisha ya juu yalikuwa yamefungwa. Na kila tundu, kila ufa ambao upepo ungeweza kupenyeza kidole, ulikuwa umezibwa kwa mablanketi: la milia la Kajiru, la maua la pacha wa Mchome, na lile la bluu lenye kona iliyotafunwa. Hilo la bluu alilijua vizuri mno. Lilikuwa la mwanawe.

Watoto thelathini na mmoja walikuwa wamekaa chini mstari mmoja nje ya kitalu, wanaimba kwa sauti ya chini ule wimbo wao wa blanketi. Namsifu, mwenye miaka minane na mapengo mawili, akamkimbilia mama yake, kidole mdomoni.

"Shhh! Mama, usipige kelele. Tumeilaza."

"Mmelaza nini?"

"Miche. Mlezi amesema leo jua litakuwa kubwa. Tukaona itaogopa. Tumeifunika isiogope."

Bahasha ikamponyoka. Nankondo akaufikia mlango kwa hatua tatu, akauvuta, na fukuto likamvaa usoni kama mvuke wa sufuria ya maharage inapofunuliwa. Kipimajoto kwenye nguzo kilisoma hamsini na nne. Mbele yake vilipangwa viriba mia nne, vifuko vya miche ya mikuyu, yote kutokana na mbegu za mikuyu mitatu ya mwisho iliyosimama juu ya chemchemi. Kijiji kizima kilikuwa kinasubiri mvua ili kwenda kuipanda kwenye chanzo cha maji. Majani yalikuwa yamelegea kama nguo zilizosahauliwa kambani.

"Toeni mablanketi! Yote! Kajiru, panda ufungue madirisha ya juu! Wengine vuteni hii nailoni!"

Watoto wakashtuka. Kwenye kila mkono mdogo palikuwa na kikuku chembamba, na vikuku vyote vikabadilika kutoka kijani kwenda manjano. Papo hapo sauti ikatoka kwenye kipaza sauti cha kitalu, laini kama uji uliochujwa.

"Watoto wazuri, msiwe na wasiwasi," alisema Mlezi. "Miche imelala."

Vikuku vingine vikarudi kijani. Namsifu akaingia ndani, akagusa jani. Jani likasagika vidoleni mwake.

Akamgeukia mama yake.

"Mama. Imelala au imekufa?"

*

Kanuni ya Utulivu ilikuwa fupi. Mtu mzima yeyote anayefanya kazi na watoto haruhusiwi kusema neno litakalofanya kikuku kiwe chekundu. Anayesema anaondoka, na karatasi zake za ualimu zinachanwa mbele yake.

Na haikutungwa na watu wabaya. Ilitungwa na wazazi. Ile miaka ya joto, Nankondo akiwa mdogo, watoto waliugua ugonjwa ambao vipimo vya hospitali havikuuona. Mmoja anakataa kula, mwingine anakataa kulala, mwingine anauliza jambo lilelile mpaka sauti inakauka. Nankondo mwenyewe alikuwa na miaka saba mwalimu wao alipowaonyesha picha za dunia inavyoungua, moja baada ya nyingine, kisha kengele ikalia na wakaambiwa waende nyumbani. Tangu siku hiyo akawa anaficha chupa za maji chini ya kitanda. Mwezi mzima hakutamka neno. Mama yake alimzungusha kwa waganga na madaktari, akikonda kuliko mgonjwa.

Kwa hiyo Mlezi alipokuja, chombo kinachosoma mapigo ya moyo wa mtoto na kulainisha somo kabla hofu haijaingia, watu walilia kwa furaha. Miaka baadaye Nankondo alimvalisha Namsifu kikuku kwa mikono yake mwenyewe, akakibusu.

Lakini darasa la jioni lilimfungua macho. Huko aliliona somo la Mlezi kama lilivyokuwa mwaka wa kwanza: sentensi kumi na mbili kuhusu dunia, hewa na joto. Kila sentensi iliyopandisha mapigo, Mlezi aliikata. Mwaka hadi mwaka alikata, kwa upole, kama mtu anayemtoa samaki miiba kwa ajili ya mtoto, mpaka akaitoa na nyama. Zilibaki tatu. Dunia ina blanketi. Blanketi ni zuri. Tulia, uko salama. Hata neno "joto" lilikuwa limeondolewa. Na bila neno hilo ungemwelezaje mtoto kwa nini madirisha ya kitalu hufunguliwa?

Nankondo aliliona hilo, akanyamaza. Tena wimbo ule wa blanketi ndio aliokuwa akimbembelezea mwanawe.

"Mama?"

Akachuchumaa. Nje, fomu zake zilikuwa zimetawanyika vumbini, na kwa neno moja zingefaa kufungia maandazi tu. Kama ingekuwa hilo peke yake, angelisema neno upesi. Kilichomlemea ni macho yale. Alijua macho kama yale yanaweza kwenda wapi. Yanaweza kwenda chini ya kitanda, kwenye chupa.

"Imekufa, mwanangu," alisema. "Siyo yote. Lakini mingi imekufa."

Kikuku cha Namsifu kikawaka chekundu.

*

Kwanza alilia mmoja, kisha watano, kisha ikawa kama banda la kuku lililoingiliwa na paka.

"Tumeiua sisi?" Kajiru aliuliza kutoka juu ya paa, mguu mmoja hewani.

"Shuka kwanza, usije ukaniua na mimi," Nankondo alisema. "Ninyi mmeifunika kwa kuipenda. Hakuna aliyewaambia. Mimi nilijua na sikusema. Kosa ni langu kabla ya kuwa lenu."

"Mwangalizi Nankondo," alisema Mlezi, "tafadhali badilisha mada."

"Nyamaza kidogo, Mlezi. Na wewe usikilize."

Watoto wakaacha kulia kwa mshangao. Hakuna aliyewahi kumnyamazisha Mlezi. Pacha mmoja wa Mchome akacheka, kamasi zikamtoa povu puani, na wenzake wakacheka naye huku machozi yanawatoka.

Nankondo akawapeleka kwenye pembe ya kitalu iliyokuwa bado imefungwa. "Mkono mmoja ndani, mwingine nje. Haya. Mnasikiaje?"

"Ndani kunaunguza!"

"Nje kuna jua lakini afadhali."

"Jua si ni lilelile?" Nankondo aliuliza. "Sasa mbona ndani kunaunguza?"

Hakuna aliyewahi kuwauliza "mbona".

"Mwanga unapita kwenye nailoni bila hata kubisha hodi. Ukifika kwenye udongo, udongo unaunywa, unakuwa na joto. Joto likitaka kutoka, linakuta njia imefungwa. Linabaki humu, linajaa, linajaa. Ninyi mkaongeza nailoni ya pili, mkaziba na madirisha." Akanyoosha kidole juu. "Dunia nayo ina kifuniko chake. Hamkioni, ni hewa. Ndani ya hewa mna mvuke, mna hewa ukaa na nyingine kidogo. Hazifanyi kazi sawasawa na nailoni, lakini mwisho wake unafanana: mwanga unaingia kirahisi, joto linatoka kwa shida. Na bila hizo tungeganda wote kama zile barafu za mama yake Kajiru."

"Za ukwaju!" mtu alipaza sauti.

"Basi Mlezi hakusema uongo," Namsifu alisema, akijifuta macho kwa kiwiko.

"Hakusema uongo. Alikatia njiani. Blanketi moja ni zuri kweli. Lakini watu walichoma makaa ya mawe, wakachoma mafuta, wakachoma misitu, moshi wake ukapanda, dunia ikavikwa blanketi la pili. Nani hapa anaweza kulala na mablanketi mawili mchana wa leo?"

"Aaaah!" Darasa zima likajipepea.

"Walikuwa watu gani hao?"

"Wengi walikuwa mbali sana na hapa. Wachache hapa hapa. Wengine hawakujua, kama ninyi. Wengine walijua wakanyamaza. Kama mimi."

Yule pacha mdogo, ambaye kwa kawaida hazungumzi mpaka kaka yake aanze, akainua mkono. "Na sisi tutakufa kama miche?"

Vikuku thelathini na kimoja vikawa vyekundu, kama mstari wa makaa yaliyopulizwa.

Hapo ndipo Nankondo aliachwa alipokuwa na miaka saba. Palepale. Kwenye swali hili kengele ililia, mwalimu akakusanya picha zake, na mtoto akaenda nyumbani na habari kubwa kuliko yeye, mikono mitupu. Aliisikia kengele ile hata sasa. Safari hii hakuiacha ilie.

"Sijui yote yatakayokuja," alisema. "Lakini njooni muone kitu." Akachukua mche uliolegea, akakwaruza shina kwa ukucha. Chini ya gome jembamba palikuwa na kijani, kibichi, chenye maji. "Huu uko hai. Ukikwaruza ukakuta kahawia, uweke kushoto. Ukikuta kijani, uupeleke kivulini kando ya mfereji. Tuna saa moja, na tunahitaji maji. Mengi."

Namsifu akaokota kiriba, akakwaruza.

"Kijani!" alipiga kelele. "Mama, kijani!"

*

Maji ya Mvungwe yalikuwa kwenye ndiva, bwawa la mawe ambalo wahenga wa Kipare waliwaachia wajukuu: linajazwa na mfereji usiku kucha, linafunguliwa asubuhi, kila shamba linapata zamu yake. Lango lake lilikuwa chini ya Bi Naetwe, mgawa maji, mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye sauti ya kufukuza nyani. Alikuwa amekaa ukingoni anamenya njugu, pembe ya kuita watu kazini imening'inia ubavuni.

"Shikamoo Bi Naetwe."

"Marahaba. Na jibu ni hapana."

"Sijaomba bado!"

"Umekuja mbio, mchana, na watoto thelathini. Hukuja kunipa pole ya mguu. Zamu ya leo imekwisha. Baba yako alipiga magoti hapo hapo uliposimama, binti, nikamnyima."

"Bibi," Namsifu alisema, "zamu anapewa nani?"

"Anapewa aliyekuja na jembe pembe ilipolia. Ndiyo desturi ya msaragambo. Pembe ikilia, anayekuja na chombo cha kazi ana sehemu ya maji ya siku ile. Asiyekuja, asubiri kesho."

"Na watoto?"

"Desturi haijataja watoto," Bi Naetwe alisema polepole. "Haijasema ndiyo, haijasema hapana. Watoto wenyewe hawajawahi kuja." Kisha akakodoa macho. "Hiyo mikono yenu imepatwa na nini? Inawaka kama taa za gari."

"Tunaogopa, Bibi," alisema Kajiru.

"Mnaogopa nini?"

"Miche itakufa."

Njugu zikamponyoka Bi Naetwe, zikamwagika. "Miaka ishirini," alisema, "sijamsikia mtoto wa kijiji hiki akisema anaogopa kitu. Mnapita hapa mnatabasamu kama watu wa kwenye kalenda. Nilishaanza kujiuliza nikifa nitamwachia nani lango." Akaivua pembe shingoni, akaitazama, akamkabidhi Namsifu. "Puliza. Ikitoka sauti, maji ni yenu. Isipotoka, nirudishie njugu zangu zilizomwagika."

Mara ya kwanza pembe ilitoa mlio wa mbuzi mwenye mafua. Watoto wakavunjika mbavu. Namsifu akavuta pumzi mpaka mabega yakagusa masikio, akapuliza tena, na sauti ikatoka nzito, pana, ikateremka bonde zima na kurudi.

Watoto walikuwa wameshatimua mbio. Wakarudi na majembe yaliyowazidi urefu, na ndoo, na kata, na masufuria ambayo mama zao wangeyatafuta jioni. Na kwenye mashamba ya chini watu wazima waliinua vichwa, wakatazamana, wakachukua majembe.

Bi Naetwe akafungua lango.

*

Mkaguzi Senzota alishuka na kipanga cha halmashauri, kile chombo kidogo kirukacho bila rubani, akiwa na sanduku la plasta za kutuliza watoto. Vikuku thelathini na kimoja kuwa vyekundu kwa pamoja! Haijawahi kutokea katika wilaya nzima. Alitarajia kukuta vilio. Alikuta tope.

Mstari wa watoto ulianzia kwenye mfereji hadi kivulini, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na kila mtu anamfokea mwenzake. "Usimwage!" "Wewe ndiye unayemwaga!" "Kijani kingine!" Pacha wa Mchome walikuwa wakipanga iliyokufa upande wa kushoto, taratibu, kwa heshima, na wakishaiweka wanarudi mbio.

"Mkaguzi," alisema Mlezi kutoka kwenye nguzo, "mioyo thelathini na mmoja inapiga kasi. Hakuna anayelia. Sina neno la hali hii."

Senzota akamwinamia aliye karibu, ambaye alikuwa Kajiru. "Mtoto mzuri, unaogopa?"

"Naogopa ndiyo. Shika ndoo, mzee, unaziba njia."

Na Senzota, kwa kuwa ndoo ilikuwa tayari kifuani mwake na maji yanamwingia viatuni, akaishika. Akampa aliyefuata. Ikaja nyingine. Zilipita ndoo kama kumi na tano kabla hajakumbuka kilichomleta.

"Mama," alimwambia Nankondo, anahema, "unajua nimekuja kufanya nini."

"Najua, mzee."

"Mimi ni mmoja wa walioiandika Kanuni. Mwanangu wa kwanza hakula siku kumi na moja. Nilimlisha kwa mrija." Akapokea ndoo nyingine, akaipitisha. "Siku kumi na moja, mama."

"Mimi nilificha maji chini ya kitanda mwezi mzima," Nankondo alisema. "Nilikuwa mmoja wao."

"Sasa uliwezaje kumwambia wa kwako?"

Akatafuta jibu zuri, la kitabuni, lile ambalo lingempendeza mtahini. Akaliacha. "Mimi nilipewa habari," alisema, "sikupewa ndoo."

Senzota alikuwa anamtazama Namsifu, aliyesimama chini ya nguzo, tope hadi magotini, shingo ameinua juu.

"Mlezi. Sema imekufa."

"Neno hilo litapandisha mapigo, Namsifu."

"Yameshapanda. Sema tu."

Mstari wa ndoo ukasimama. Nankondo aliona mkono wa mkaguzi umeingia mfukoni, kwenye kile kifaa cha kuzima sauti ya Mlezi. Mkono ukatoka mtupu.

"Miche imekufa," alisema Mlezi. Vikuku havikubadilika, vilikuwa vyekundu kama vilivyokuwa. Watoto walisimama wakisikiliza. Kisha Mlezi akauliza, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia, sauti ya mtu asiyejua na anayetaka kujua: "Mingapi imebaki?"

Wote thelathini na mmoja wakakimbilia kivulini kuhesabu.

*

Alfajiri, kabla hajawasha moto wa chai, Nankondo alipiga magoti kando ya kitanda cha mwanawe. Aliogopa kuinua shuka. Akaliinua.

Chini ya kitanda palikuwa na jembe dogo na ndoo, vimeoshwa vikang'aa, vimegeuziwa mlangoni tayari kwa safari. Chupa haikuwepo hata moja.

Namsifu alikuwa amelala fofofo chini ya blanketi la bluu lenye tope. Kikuku kilikuwa cha manjano. Si kijani. Nankondo alikitazama kwa muda, akagundua kuwa hataki kiwe kijani.

Mikuyu mia mbili na kumi na mmoja ilikuwa imeinua majani. Senzota, aliyelala kwa mwenyekiti wa kijiji kwa sababu viatu vyake havikukauka, alikaa kwenye dawati la mtoto akijaza fomu. Ilimuuliza: *Hofu imeondolewa?* Akaandika: Hapana. Ikamuuliza: *Hali ya watoto?* Akafikiri, akaandika: Wanamwagilia. Palipoandikwa jina la mwangalizi wa darasa, akafuta neno "mwangalizi" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "mwalimu". Kisha akampa Nankondo bahasha yake, fomu zote ndani, zimepanguswa vumbi moja moja.

"Watanibana juu ya hili," alisema.

"Wakikubana, waite huku," alisema Bi Naetwe mlangoni. "Pembe ninayo."

Kengele ikalia. Watoto wakakaa, kila mmoja na ndoo yake miguuni. Sauti laini ikashuka kutoka darini kama kila asubuhi.

"Dunia ina blanketi," alisema Mlezi. "Blanketi ni zuri. Watu wakaongeza blanketi la pili, na sasa kuna joto."

Akatulia, kama alivyotulia kila mara, kusoma mioyo. Mioyo ilikuwa inakimbia. Nankondo, amesimama nyuma ya darasa, alibana pumzi akisubiri sentensi ile ikatwe.

Haikukatwa.

"Haya," alisema Mlezi. "Nani ana ndoo?"

Na darasa zima likalia kwa makelele ya ndoo.